MITISHAMBA YA WATHAI MBELE YA MIZANI YA SAYANSI

Manjano, tangawizi na majani machungu: lipi limethibitishwa na lipi bado?

Na Mwandishi Wetu

Katika jiji la Bangkok, mji mkuu wa Thailand, lipo hekalu kongwe la Kibudha liitwalo Wat Pho. Watalii humiminika hapo kumtazama Buddha aliyelala, sanamu yenye urefu wa meta 46. Lakini kwa mtu anayejishughulisha na afya ya jamii, hazina kubwa ya mahali hapo imo katika kuta na nguzo za majengo. Mfalme Rama wa Tatu, aliyetawala tangu mwaka 1824 hadi 1851, aliamuru elimu ya nchi yake ichongwe katika mabamba ya mawe ili kila apitaye ajisomee. Mabamba hayo yanazidi 1,400, na mengi yanahusu utabibu: namna ya kuchanganya dawa, maradhi ya watoto wachanga, na mishipa ya mwili inayofaa kukandwa. Elimu iliyokuwa ikirithishwa kwa siri kutoka kwa mganga hadi kwa mwanawe ikawekwa hadharani. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliyaingiza mabamba hayo katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Hata hivyo, jiwe lina mpaka wake. Linaweza kutuambia kwamba wazee wa Siam, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati huo, waliamini mzizi fulani hutuliza tumbo. Haliwezi kutuambia ni wagonjwa wangapi walipona kwa sababu ya mzizi huo, wangapi wangepona hata bila ya kuunywa, na wangapi waliudhurika nao. Maswali hayo matatu ndiyo yanayowashughulisha wataalamu wa vyuo vikuu na hospitali za Thailand kwa miongo kadhaa sasa. Majibu waliyoyapata yanatuhusu na sisi pia, kwa maana baadhi ya mimea wanayoipima imo katika jikoni zetu.

HOSPITALI NA MGANGA

Tiba ya kisasa ilianza kujijenga rasmi nchini humo mwaka 1888, Mfalme Chulalongkorn alipofungua Hospitali ya Siriraj ukingoni mwa Mto Chao Phraya. Kadiri miaka ilivyopita, madaktari waliosomea tiba ya Kizungu walishika hatamu na waganga wa jadi wakasukumwa pembeni. Hali ilianza kubadilika baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, ambapo Shirika la Afya Duniani na mataifa wanachama walitamka kwamba huduma ya msingi ya afya haina budi kumfikia kila mtu, na kwamba waganga wa jadi nao wanaweza kushirikishwa pale wanapohitajika.

Thailand iliupokea wito huo kwa vitendo. Katika miaka ya 1980 Hospitali ya Chao Phraya Abhaibhubejhr, ambayo ni hospitali ya serikali katika mkoa wa Prachinburi, ilianza kujipatia sifa kwa kutengeneza dawa za mitishamba kwa utaratibu wa kiwanda: mmea hutambuliwa kwa jina lake la kisayansi, hukaushwa, hupimwa, na kufungwa katika vidonge vyenye kipimo kinachojulikana. Mwaka 2002 Wizara ya Afya ya nchi hiyo iliunda idara maalumu ya tiba ya jadi na tiba mbadala. Leo manjano, tangawizi na mmea mchungu uitwao fa thalai chon vimo katika Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, bega kwa bega na dawa za viwandani.

Sisi nasi tuliianza safari kama hiyo mapema. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Kwa hiyo habari za Wathai ni habari za wasafiri wenzetu katika njia moja.

NAMNA DAWA INAVYOPIMWA

Kabla ya kuyatazama matokeo, inafaa msomaji aelewe kipimo chenyewe. Mtu akiumwa koo, akanywa maji ya majani fulani, na baada ya siku saba akapona, yeye husema majani yamemponya. Mwanasayansi hawezi kusema hivyo, kwa sababu koo nyingi hupona zenyewe katika siku saba. Ili apate jibu, huwagawa wagonjwa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa. Jingine hupewa kidonge kinachofanana nayo kwa umbo na rangi lakini hakina dawa ndani yake, au hupewa dawa nyingine ambayo nguvu yake inajulikana. Katika majaribio yaliyo bora, mgonjwa hajui amepewa kipi, wala daktari anayemhoji hajui. Siri hufunuliwa mwishoni, na ndipo hesabu hufanywa.

Sababu ya kufichana hivyo ni nyepesi. Imani peke yake huweza kumfanya mtu ajione nafuu, na matumaini ya daktari huweza kumfanya aandike nafuu isiyokuwapo.

TANGAWIZI NA MIMBA CHANGA

Tuanze na kitu ambacho kila mama anakifahamu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, walitangaza mwaka 2001 matokeo ya jaribio lililowahusu wajawazito 70 waliokuwa wakisumbuliwa na kichefuchefu, wote wakiwa hawajavuka wiki ya 17 ya mimba. Wapo waliopewa gramu 1 ya unga wa tangawizi kwa siku, katika vidonge, kwa siku nne. Wengine walipewa vidonge visivyo na tangawizi.

Miongoni mwa wanawake 32 waliokunywa tangawizi, 28 walipata nafuu. Miongoni mwa wale 35 wa kundi la pili waliofuatiliwa hadi mwisho, ni 10 tu. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuweza kuitwa bahati. Tazama pia kwamba hao 10 walipata nafuu bila ya dawa yoyote. Hao ndio wanaotufundisha kwa nini kundi la kulinganisha ni la lazima.

Hii haina maana kwamba mjamzito ajipimie tangawizi apendavyo. Kipimo kilichojaribiwa ni gramu 1 tu, nayo ilitumika kwa siku chache. Mama anayetapika hata maji, au anayekojoa mkojo mchache mweusi, mahali pake ni hospitali, si jikoni.

MANJANO: TUMBO NA MAGOTI

Manjano, ambayo Wathai huyaita khamin chan, yametumika kwao tangu zamani kwa tumbo linalojaa gesi na kwa maumivu ya chembe ya moyo. Kiini chake chenye rangi ya dhahabu huitwa kurkumini.

Kati ya mwaka 2019 na 2021 wataalamu wakiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Chulalongkorn waliwaandikisha wagonjwa 206 wenye maumivu ya tumbo la juu na kuvimbiwa kusikotokana na kidonda. Waligawanywa katika makundi matatu. La kwanza lilipewa kurkumini. La pili lilipewa omeprazoli, dawa ya kisasa ya kupunguza asidi tumboni. La tatu lilipewa zote mbili. Dawa zilitumika kwa siku 28, na wagonjwa wakaendelea kuangaliwa hadi siku ya 56. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalionyesha kwamba makundi yote matatu yalipata nafuu inayolingana, na kuchanganya dawa mbili hakukuongeza faida.

Mwenye kusoma kwa pupa atasema manjano yamekuwa sawa na dawa ya hospitali. Mwenye kusoma kwa utulivu ataona mambo mawili. Kwanza, waliofika mwisho wa jaribio walikuwa 151 kati ya 206. Pili, hakukuwa na kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa, kwa hiyo hatuwezi kujua ni wangapi wangepona wenyewe. Utafiti huo unatia moyo, lakini haujafunga mjadala.

Utafiti mwingine wa Thailand ulitangazwa mwaka 2014. Huo uliwahusu watu 367 wenye magoti yaliyolika kwa uzee, maradhi ambayo wengi wetu huyachanganya na baridi yabisi. Baadhi walipewa miligramu 1,500 za kiini cha manjano kwa siku. Wengine walipewa miligramu 1,200 za ibuprofeni, kidonge cha maumivu kinachofahamika sana. Baada ya wiki nne maumivu yalikuwa yamepungua kwa kiasi kinachokaribiana, na waliotumia manjano walilalamika kidogo zaidi kuhusu tumbo. Kwa mzee ambaye tumbo lake halivumilii vidonge vya maumivu, hiyo si habari ndogo.

Lakini mama wa nyumbani asidhani kwamba pilau na mchuzi vitamponya goti. Unga wa manjano wa sokoni huwa na sehemu chache tu za kurkumini katika kila 100. Tukichukua sehemu 3, basi kuzipata gramu 2 za kurkumini walizopewa kila siku wagonjwa wa tumbo kungehitaji unga gramu 67 hivi, yaani zaidi ya vijiko 20 vya chai. Hakuna mchuzi unaochukua kiasi hicho. Na huko ambako vidonge vyenye kurkumini nyingi vimeenea, kama vile Italia na Marekani, madaktari wameandika habari za watu walioharibikiwa ini baada ya kuvitumia. Ni wachache, lakini wapo. Kitu kuwa chakula kwa kiasi kidogo si dhamana ya usalama wake kikiwa kingi.

MAJANI MACHUNGU NA HESABU ILIYOKOSEWA

Mmea wa fa thalai chon, ambao wanasayansi huuita Andrographis paniculata, ni mchungu kama shubiri. Wathai huutumia kwa mafua, homa na koo. Mwaka 1991 ilitangazwa taarifa ya wagonjwa 152 wa mafindofindo. Wapo waliopewa gramu 3 za majani hayo kwa siku, wapo waliopewa gramu 6, na wapo waliopewa parasetamoli. Siku ya tatu, wale wa gramu 6 walikuwa na nafuu sawa na wale wa parasetamoli, na wote hao waliwashinda wale wa gramu 3. Ilipofika siku ya saba, makundi yote yalikuwa sawa. Hapo tunajifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba kipimo kina maana kubwa, na kwamba wakati nao ni tabibu.

Ulipozuka ugonjwa wa UVIKO-19, macho ya taifa zima yaliugeukia mmea huo. Serikali iliruhusu utumike kwa wagonjwa wenye dalili nyepesi, na katika mwaka 2021 ulitolewa kwa maelfu ya wafungwa magerezani. Wengi sana walipona. Lakini wagonjwa wa dalili nyepesi kwa kawaida hupona, hasa wakiwa vijana. Kwa hiyo idadi ya waliopona, hata iwe kubwa namna gani, haisemi neno kuhusu dawa ikiwa hakuna wa kulinganisha nao.

Lilikuwapo jaribio dogo lililofuata kanuni. Wagonjwa walikuwa 57: 29 walipewa dawa na 28 kidonge kisicho na dawa. Katika kundi la dawa hakuna aliyepata homa ya mapafu. Katika kundi la pili waliipata watu 3. Taarifa ikatolewa kabla haijakaguliwa na wataalamu wengine, ikisema kwamba tofauti hiyo si ya bahati. Mwezi Agosti 2021 watafiti wenyewe waliiondoa taarifa yao, kwa sababu hesabu ilikuwa imekosewa.

Msomaji anaweza kuirudia hesabu hiyo mezani kwake. Tuseme dawa haina nguvu yoyote, na watu 3 kati ya 57 wangeugua mapafu kwa vyovyote vile. Je, kuna uwezekano gani kwamba kura itawaangusha wote watatu katika kundi lile la watu 28? Zidisha 28 kwa 57 kwa 27 kwa 56, kisha kwa 26 kwa 55, kama mafungu ya hesabu za shule ya msingi. Jibu ni kama mara 1 katika kila 9. Desturi ya wanasayansi ni kutoamini tofauti hadi uwezekano wa bahati ushuke chini ya mara 1 katika 20. Kwa hiyo jaribio halikuthibitisha kwamba dawa inafanya kazi. Wala halikuthibitisha kwamba haifanyi kazi. Lilikuwa dogo mno.

Wapo waliovunjika moyo kwa habari hiyo, nao wanaeleweka, kwa kuwa wakati huo watu walikuwa wakifa. Lakini jiwe la hekalu halijisahihishi. Taarifa ya kisayansi inaweza kusahihishwa, hata kwa aibu ya mwenye kuiandika, na hapo ndipo mgonjwa anapopata ulinzi wake.

FAIDA YA NANI?

Utafiti una upande mwingine ambao mataifa machanga yanaujua kwa uchungu. Katika misitu ya Thailand kuna mti mdogo uitwao plao noi, ambao majani yake yalitumiwa na waganga kwa maradhi ya tumbo. Wataalamu wa kampuni ya Sankyo ya Japan waliuchunguza, na mwaka 1978 wakatangaza kwamba wamekipata kiini chake, plaunotoli, kinachozuia vidonda vya tumbo. Kampuni ikapata hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki uvumbuzi, na dawa ikauzwa nchini Japan. Majani yalilimwa Thailand. Jina, haki na sehemu kubwa ya faida vilikuwa vya wengine.

Kisa hicho kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowazindua Wathai. Mwaka 1999 walitunga sheria ya kulinda na kukuza maarifa ya tiba yao ya jadi. Sheria hiyo inazigawa fomula za dawa katika mafungu matatu: zile za taifa, zile za umma kwa jumla, na zile za mtu binafsi anayeweza kuziandikisha kwa jina lake.

HATARI ZILIZOFICHIKA

Neno "asilia" limeuza dawa nyingi, na limeua pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake kadhaa nchini Ubelgiji waliharibikiwa mafigo baada ya kupewa mitishamba ya kupunguza unene iliyochanganyika na mmea wa jamii ya Aristolochia. Sumu ya jamii hiyo huua mafigo na huleta kansa ya njia ya mkojo. Mmea wa jamii hiyohiyo ulikuwamo katika baadhi ya fomula za kale za Wathai, na wataalamu wao walishauri uondolewe. Heshima kwa wazee haikuwazuia kufanya hivyo.

Uko pia mzizi uitwao kwao khruea, unaosifiwa tangu zamani kuwa huwarudishia wazee ujana. Mwaka 1960 wanasayansi walieleza kwamba una kemikali inayofanya kazi kama homoni ya kike. Sifa za wazee, basi, hazikuwa ndoto. Lakini ndiyo sababu hasa mwanamke mwenye kansa ya matiti, au aliyewahi kuugua, hapaswi kuutumia. Dawa yenye nguvu ya kutibu huwa na nguvu ya kudhuru.

Hatari ya tatu ni udanganyifu. Maofisa wa afya wa Thailand wamekuwa wakikamata "dawa za jadi" za maumivu ambazo ndani yake zimetiwa steroidi za kiwandani kwa siri. Mgonjwa hujisikia vizuri katika siku mbili, humsifu mganga, kumbe mifupa na tezi zake zinaharibika polepole. Wataalamu wao walilazimika kubuni kipimo chepesi cha kugundua ulaghai huo.

KWA MAMA ALIYEJIFUNGUA

Si kila kilicho cha jadi kinahitaji kunywewa. Wathai huwakanda wazazi waliotoka kujifungua, pamoja na watu wenye maungo yanayouma, kwa kifurushi cha nguo kilichopashwa moto kwa mvuke. Ndani yake hutiwa manjano, mchaichai, majani ya mkwaju, maganda ya ndimu, kafuri, na mzizi wa plai ulio wa jamii ya tangawizi. Mkunga yeyote wa pwani yetu, aliyezoea kumkanda mzazi kwa maji ya moto, angekielewa kifurushi hicho bila ya mkalimani. Joto hulegeza misuli, na hilo halina ubishi. Linalohitaji uangalifu ni moto wenyewe usiunguze ngozi, na kidonda cha upasuaji kisiguswe. Ukandaji wa Kithai uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2019.

YA KUZINGATIA NYUMBANI

Kutokana na uzoefu huo wa Wathai, familia inaweza kujiwekea maswali machache kabla ya kununua chupa au pakiti yoyote ya mitishamba. Je, mmea wenyewe unatajwa kwa jina, au muuzaji anasema tu kwamba ni siri yake? Je, kipimo kinajulikana kwa gramu? Je, imejaribiwa kwa watu, au katika vyombo vya maabara tu? Mzizi wa krachai, kwa mfano, ulizuia virusi vya UVIKO-19 katika maabara za Thailand mwaka 2020, lakini seli zilizomo katika chombo cha kioo si mwili wa mtu. Na je, muuzaji anadai kwamba dawa yake inatibu maradhi kumi kwa mpigo? Katika majaribio yote tuliyoyataja hapa, kila dawa ilipimwa kwa ugonjwa mmoja.

Mjamzito asitumie fa thalai chon. Anayetumia vidonge vya kuzuia damu isigande asiongeze vidonge vya manjano bila ya kumuuliza daktari. Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu asiziache kwa sababu jirani amempa mzizi.

Na jambo la mwisho ndilo jepesi kuliko yote. Wagonjwa wengi wanaokwenda hospitali huwa wamekwisha kunywa kitu nyumbani, nao huona haya kusema. Daktari naye pengine huuliza kwa ukali, au haulizi kabisa. Mwambie. Chukua jani, mzizi au pakiti uende nayo, umwonyeshe, na umweleze ulikunywa kiasi gani na kwa siku ngapi.